Jahazi la mfano linapogoma: dalili, vyanzo na marekebisho kwa wajenzi wa nyanda za juu kusini

Malalamiko ya wanaojenga vyombo vya mfano huku Mbeya, Njombe, Mafinga na Iringa yanajirudia: mbao za ubavu zimeachana, mkuku (ubao mkuu wa chini, uti wa mgongo wa chombo) umejipinda, gundi imeachia, chombo kimelala upande mara tu kilipoguswa na maji. Wengi hukimbilia kubadili gundi. Mara nyingi gundi haina kosa lolote. Mbao ndiyo iliyoanza kukatwa kabla haijawa tayari.

Namba zote hapa chini zinahusu jahazi la tanga moja lenye urefu wa sentimita 60, yaani kipimo cha 1:20 kwa chombo halisi cha mita 12. Mkuku una unene wa milimita 8, mataruma (mbavu za ndani) ni ya plaiwudi ya milimita 4, na mbao za ubavu ni fito zenye upana wa milimita 6 na unene wa milimita 1.5. Chombo chako kikiwa na ukubwa mwingine badili namba, lakini mpangilio wa uchunguzi usiubadili.

Kabla ya dalili yoyote: mbao imekauka?

Paini inayotoka shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya jirani huuzwa ikiwa mbichi mara nyingi, siku chache tu baada ya kupasuliwa. Kwa kenchi la nyumba hilo linavumilika. Kwa fito ya milimita 1.5 halivumiliki.

Kipimo cha kwanza kinahitaji mizani ndogo ya jikoni tu. Kata kipande cha gramu 100 hivi, andika uzito wake kwa penseli juu yake, kiweke kwenye chumba utakachofanyia kazi, mbali na jua. Kipime kila juma. Uzito ukibaki uleule kwa majuma mawili mfululizo, mbao hiyo imezoeana na hewa ya chumba chako.

Ukitaka kujua unyevu kwa asilimia, kausha kipande kingine kwenye oveni kwa nyuzi joto 100 hadi 105 mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 112 kikaishia gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12. Kwa chombo kitakachokaa ndani ya nyumba huku kwetu, lenga kati ya 9 na 12.

Pasua fito kwanza, kausha baadaye. Ubao wa inchi moja huchukua miezi, fito nyembamba hutulia kwa siku chache. Zipange kwa tabaka zilizotenganishwa na vijiti, weka ubao mzito juu ili zisijikunje.

Sasa hesabu yenyewe. Mbao ya paini husinyaa kwa takribani asilimia 0.25 ya upana wake kila unyevu unapopungua kwa asilimia 1. Fito ya milimita 6 ikishuka kutoka unyevu wa 15 hadi 10 inapoteza kama milimita 0.075. Ni kidogo sana, sivyo? Lakini ubavuni kuna fito 12 zimepangana, na jumla inakaribia milimita 0.9. Huo ndio ufa unaoonekana mwezi Septemba kwenye chombo kilichojengwa Februari.

Dalili: mbao za ubavu zimeachana baada ya majuma machache

Chanzo kikubwa ni hicho cha unyevu. Angalia nyufa zimekaaje. Zikiwa nyembamba na zimesambaa sawasawa ubavu mzima, mbao ilisinyaa. Zikiwa pana sehemu moja tu, hasa karibu na omo (mbele ya chombo) au tezi (nyuma yake), tatizo ni mataruma kutochongwa mshazari vizuri.

Kuhakikisha hilo, chukua ufito ulionyooka, ulaze juu ya mataruma yaliyo wazi kuanzia omo hadi tezi. Lazima uguse kila taruma kwa upana wake wote. Ukigusa kona tu, fito zako zimeshikwa na mstari wa gundi badala ya uso wa gundi, na zitaachia siku yoyote. Chonga kwa msasa namba 120 uliobandikwa kwenye kipande cha mbao chenye urefu wa sentimita 20. Usitumie msasa ulioushika kwa vidole, kwa kuwa vidole huchimba mabonde.

Chanzo cha tatu, kisicho cha kawaida sana, ni chombo kuhamishwa. Jahazi lililojengwa Iringa kukiwa kukavu likapelekwa Dar es Salaam litavimba, kwa sababu mbao kwenye hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 50 hutulia karibu na unyevu wa 9, na kwenye hewa ya asilimia 80 hutulia karibu na 16. Fito zilizobanana kabisa hazina pa kwenda, zitainuka kutoka kwenye mataruma. Likitengenezwa kwa ajili ya Pwani, acha fito zitulie kwenye unyevu wa 12 au 13 kabla ya kubandika, na paka vanishi ndani na nje. Kupaka upande mmoja tu kunafanya ubavu ujikunje.

Marekebisho: ufa wa chini ya milimita 0.5 jaza kwa vumbi la mbao ileile lililochanganywa na gundi. Ufa mpana zaidi ya hapo pachika kijiti chembamba cha mbao ileile, kisha randa. Usijaze nyufa katikati ya kiangazi kikali kwa kitu kigumu kama epoksi. Masika yakija mbao itavimba na kusukuma fito jirani.

Dalili: mkuku umejipinda

Laza uzi uliovutwa kutoka omo hadi tezi, upime katikati uzi umeachana na mkuku kwa kiasi gani.

Sababu inayoongoza ni kubandika fito upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa upande wa pili. Gundi inapokauka huvuta, na mkuku hufuata. Utaratibu ni fito moja kushoto, inayofuata kulia, palepale kwenye kimo kilekile. Baada ya hapo fikiria mbao mbichi, kisha nyuzi za mbao zilizokwenda mshazari kwenye mkuku wenyewe, na mwisho chombo kilichoachwa kimelala kwa ubavu kwa miezi.

Mpindo wa chini ya milimita 2 unarekebishika: bana mkuku kwenye ubao ulionyooka kwa klampu, endelea kubandika upande uliobaki nyuma, usiufungue mpaka fito tatu kila upande ziwe zimekauka. Kati ya milimita 2 na 4 utahitaji kubandua fito za upande unaovuta. Zaidi ya 4, tengeneza mkuku mpya. Kuupika kwa mvuke mkuku uliokwisha shika mataruma kutalegeza gundi na kufumua plaiwudi, na hasara itakuwa kubwa kuliko ubao mmoja.

Simama ukiona mkuku umepasuka kufuata nyuzi na ufa umepita chini ya kikalio cha mlingoti. Hapo mpelekee fundi seremala mwenye jiliwa na klampu ndefu. Ufa wa namna hiyo ukibanwa vibaya hufunguka upande wa pili.

Dalili: fito zinavunjika zikipindwa kwenye omo

Tazama nyuzi kwenye ukingo wa fito. Nyuzi zikitoka nje ya ukingo ndani ya umbali mfupi, fito hiyo itavunjika hata uifanyeje. Kanuni nzuri ni mwinamo usiozidi 1 kwa 15: ndani ya sentimita 15, nyuzi zisihame zaidi ya sentimita 1. Tenga kabisa fito zenye vifundo.

Nyuzi zikiwa sawa, angalia muda wa kuchemsha. Maelekezo mengi yameandikwa kwa maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Mbeya mjini, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na yakishaanza kuchemka hayapandi tena hata uongeze kuni. Kwa hiyo dakika 10 zilizoandikwa kitabuni zifanye 15 au zaidi. Loweka fito kwenye maji baridi nusu saa kwanza, zichemshe, kisha zipinde mara moja. Una sekunde kama 20 tu kabla hazijapoa. Zifunge kwenye bomba au kalibu, uziache siku nzima zikauke ndipo uzibandike. Kubandika fito ikiwa bado na maji kunakurudisha kwenye dalili ya kwanza.

Sababu nyingine: mbao iliyokaushwa kwa tanuri ni ngumu kupinda kuliko iliyokaushwa kwa hewa. Kama umepata mbao ya tanuri, itumie kwenye mkuku na sitaha, ubavuni tafuta saiprasi iliyokauka kivulini.

Onyo kuhusu kupasua: usijaribu kupasua fito za milimita 1.5 kwenye msumeno wa duara wa karakana wenye meno makubwa. Fito hunaswa kati ya jani na ukingo na kurushwa nyuma kwa kasi, au kuvuta vidole. Peleka kwa mwenye msumeno wa utepe, muombe akupasulie milimita 3, nyingine utamaliza kwa randa. Ukitumia mvule, vaa barakoa. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua.

Dalili: gundi imeachia

Bandua kipande uangalie gundi yenyewe. Rangi yake inasema mengi.

Gundi nyeupe ya mbao iliyokauka vizuri huwa angavu au ya manjano hafifu. Ikiwa nyeupe kama chaki na inasagika, ilikauka kwenye baridi. Gundi hizi nyingi zinahitaji angalau nyuzi joto 10, na usiku wa Juni na Julai huku Makambako, Mafinga na Uporoto hushuka chini ya hapo kirahisi. Kupasha chupa ya gundi hakusaidii kama mbao ni ya baridi. Bandika saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, mbao ikiwa imekaa kwenye chumba chenye joto tangu jana yake, bana kwa vibanio vya nguo kwa saa moja, kisha acha saa 24.

Usipashe chumba kilichofungwa kwa jiko la mkaa. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua mtu akiwa amelala. Na jiko hilo lisikae karibu na tina, petroli wala vanishi.

Gundi ikiwa angavu lakini imebanduka safi bila kuchukua nyuzi za mbao, uso ulikuwa na mafuta. Mtiki una mafuta ya asili, na paini ina utomvu karibu na vifundo. Piga msasa upya, futa kwa kitambaa chenye spiriti, subiri dakika chache, bandika siku hiyohiyo. Ikiwa gundi haipo kabisa kwenye kiungo, klampu ilikazwa mno ikaikamua yote.

Supagluu iwe ya kushikiza tu. Inakauka haraka lakini hukatika chombo kikitikiswa garini.

Dalili: unga laini chini ya chombo

Unga huo na vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini ni kazi ya bungua. Kwanza kagua vipande vya mwanzi: foromali (mti unaobeba tanga), vijiti vya kupigilia ubavuni, reli. Mwanzi wa ulanzi ni mzuri sana kwa foromali kwa kuwa ni mwepesi na hupinda bila kukatika, ila umejaa wanga ambao bungua wanaupenda, hasa ukikatwa wakati wa mvua. Dawa ni kinga: loweka mwanzi majuma mawili au matatu ukibadilisha maji, au chemsha vipande saa nzima, kisha kausha.

Kama wameshaingia, ng'oa kipande kilichoathirika na uchome. Chombo kilichobaki kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kiweke kwenye friza kwa majuma mawili, kitoe na ukiache kwenye mfuko mpaka kipate joto la chumba ili umande usikae juu ya mbao. Kupulizia dawa ya wadudu kwa nje hakufiki kwa funza walio ndani.

Dalili: maji yanaingia ngamani (chini ndani ya chombo)

Kausha ndani, nyunyiza unga wa chaki, elesha chombo kwenye beseni kwa dakika 10. Chaki itabadilika rangi pale maji yanapoanzia. Anza kutazama kiungo cha fito ya kwanza na mkuku, kisha matundu ya usukani, kisha ncha za fito kwenye omo. Ubavu wenyewe ni wa mwisho.

Acha kikauke siku mbili kamili. Fungua kiungo kwa ncha ya kisu kiasi cha nusu milimita, sindilia uzi wa pamba uliochovywa kwenye epoksi. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika majini, usiitumie hapa. Ndani paka epoksi tabaka mbili nyembamba.

Jahazi la kweli hukalafatiwa kwa pamba na mafuta, na mbao zake zikilowa huvimba na kuziba. Kuna wanaoloweka chombo cha mfano wakitumaini hivyo. Ubavu wa milimita 1.5 uliogundishwa hauna unene wa kuvumilia, utainuka mawimbimawimbi.

Dalili: kinalala upande au kinapinduka

Tenganisha mambo mawili. Kinalala kikiwa kimetulia bila upepo? Au kinapinduka upepo ukivuma?

Kikilala bila upepo, vuta uzi kutoka kilele cha mlingoti hadi ukingo wa kushoto, kisha wa kulia, kwenye taruma lilelile. Tofauti ya zaidi ya milimita 2 ina maana mlingoti umeegemea upande. (Kuinamia mbele si kosa; ndivyo mlingoti wa jahazi unavyokaa, usiunyooshe.) Vipimo vikilingana, sogeza kipande cha gramu 50 ndani ya chombo mpaka kisimame wima, ndipo uhamishe farumi (uzito wa kutuliza chombo) kwa kufuata kipande hicho.

Kupinduka kwa upepo ni jambo la kimaumbile, na ndilo linalowashangaza wajenzi waliofuata vipimo vya chombo halisi kwa uaminifu. Kwa 1:20, eneo la tanga linakuwa sehemu 1 ya 400, na urefu wa mlingoti sehemu 1 ya 20. Nguvu ya kupindua kwa upepo uleule inakuwa sehemu 1 ya 8,000. Nguvu ya kukisimamisha inatokana na uzito, ambao ni sehemu 1 ya 8,000, ukizidishwa na umbali ambao nao umepungua mara 20. Jibu ni sehemu 1 ya 160,000. Chombo chako ni chepesi kupinduka mara 20 kuliko jahazi lenyewe, na hakuna ustadi wa useremala utakaobadilisha hilo.

Tiba, kwa mpangilio:

Ongeza farumi na uishushe. Jahazi la tani 16 kwa kipimo hiki lina kilo 2. Ikiwa chombo chako kitupu pamoja na tanga kina gramu 800, una nafasi ya kilo 1.2. Nondo ya milimita 12 ina gramu 890 hivi kwa mita, kwa hiyo vipande vitatu vya sentimita 45 vinatosha. Vilaze juu kabisa ya mkuku na uvifunge visibingirike.

Isipotosha, tengeneza mkuku wa ziada wa kufungua na kufunga: ubao wa plaiwudi unaoshuka sentimita 10 hadi 12 chini ya chombo, nondo hizohizo zikiwa mwishoni mwake, umefungwa kwa bolti mbili za milimita 4. Ukirudi nyumbani unauondoa. Jaribu kwenye beseni kubwa: lalisha chombo nyuzi 60, ukiachia kisimame chenyewe.

Hatua ya mwisho ni kupunguza tanga kwa robo.

Usiyeyushe risasi ya betri jikoni. Mvuke na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo, na tone la maji kwenye risasi iliyoyeyuka huirusha usoni. Nondo inatosha kwa kazi hii.

Dalili: kinageuza omo kuelekea upepo na kusimama

Legeza demani (kamba ya kuvutia tanga) kwanza. Nusu ya kesi huishia hapo. Bado? Angalia kama omo imezama kuliko tezi, urudishe farumi nyuma sentimita 2 kwa wakati mmoja. Kisha angalia kama kinalala mno, maana chombo kilicholala hujigeuza chenyewe. Kuhamisha mlingoti mbele ni kazi ya mwisho, na usihamishe zaidi ya sentimita 1 kabla ya kujaribu tena. Kikifanya kinyume, yaani kikikimbia upepo, fanya kinyume cha kila hatua.

Dalili: tanga limekunjamana, kamba zimelegea

Kitambaa cha marekani ni kizito mno kwa chombo cha sentimita 60. Tafuta popolini nyepesi, ifue itoke wanga wa dukani, na kata ukingo wa nyuma ukifuata uzi wa kitambaa. Ukingo uliokatwa mshazari huvutika na kupepea.

Kamba za pamba hukaza zikilowa na kulegea zikikauka, za nailoni hufanya kinyume. Usichanganye zote mbili kwenye mlingoti mmoja. Pitisha uzi wa pamba kwenye nta ya nyuki mara mbili, utatulia na hautatoa manyoya.

Dalili: vanishi imekuwa na ukungu mweupe

Ulipaka wakati wa ukungu. Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kuna miezi ambayo saa nzuri za kupaka ni chache. Subiri jua litoke na ukungu uishe, pasha chombo kwa joto la chumba, futa juu juu kwa msasa namba 320, paka tabaka nyembamba upya.

Unapokwenda kujaribu majini

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye bwawa la samaki lenye kina kifupi, usukani ukiwa umefungwa katikati na uzi wa kuvulia ukiwa umefungwa tezini. Ziwa Nyasa pale Matema upepo hubadilika ghafla, maji ya kando yanaweza kuwa na kichocho, na mamba wapo kwenye midomo ya mito. Bwawa la Mtera lina mamba na viboko. Uzi ukikatika, usiogelee kufuata chombo. Muombe mvuvi mwenye mtumbwi akifuate, na kama hakuna mvuvi karibu, kiache kiende.